Usisafirie Nyota ya Mwenzio: Kutafuta Njia Baharini, Kutoka al-Kamal hadi GPS

Sisi ni Waswahili wachache tunaoishi Doha. Baadhi yetu wazazi wao walitoka Unguja na Pemba, wengine Mombasa na Lamu, na wapo waliopitia Maskati na Dubai kabla ya kufika Qatar. Tumechangiana tukanunua boti ya matanga iliyokwisha kutumika, yenye mlingoti mmoja na vitanda vya watu sita. Nia yetu ni kwenda nayo Maskati, kisha, Mungu akijaalia, siku moja kuielekeza omo yake Unguja wakati wa kaskazi, kama walivyofanya wazee wetu kwa majahazi.

Baada ya kununua chombo tulikaa vikao vitatu nyumbani kwa mwenzetu mmoja, katika ghorofa moja ya West Bay, tukijadili jambo lililoonekana dogo: tununue kifaa gani cha GPS. Vijana walisema simu ya mkononi yatosha. Mhandisi wetu alitaka skrini kubwa inayounganisha ramani, rada na kipima kina pamoja. Mzee wetu, ambaye ujanani alisafiri kwa jahazi baina ya Pemba na Mombasa, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hicho kifaa kikinyamaza?" Tulimjibu kwa adabu kwamba vifaa vya siku hizi havinyamazi.

Mwezi wa Oktoba 2025 Wizara ya Uchukuzi ya Qatar ilitangaza kusimamisha kwa muda safari za baharini kwa sababu ya hitilafu katika mfumo wa GPS. Nchi iliyoishi kwa bahari tangu zama za lulu ilizuia vyombo vyake visitoke, na sababu haikuwa dhoruba. Kikao chetu cha nne hakikuzungumzia tena bei wala chapa. Swali la dukani lilikuwa limegeuka kuwa swali la tarikhi: wazee wetu walijuaje mahali walipo baharini, na katika kujua huko walimtegemea nani? Tumeona tuliandike tuliyoyapata, kwani tunaamini familia nyingi zinazosoma kurasa hizi zimo ndani ya swali hilo.

Mtaa uliokuwa bahari

Tuanze na mahali tulipokuwa tumekaa. Mtaa huu ambao wageni huuita West Bay, wenyeji huuita al-Dafna. Asili ya neno ni dafana, kufukia au kuzika, na Mswahili atalitambua mara moja, kwani ndilo lililotupa neno dafina, mali iliyofukiwa ardhini. Jina hili si la bure. Sehemu kubwa ya mtaa ilikuwa bahari ya maji mafupi, na katika miaka ya 1970 ilijazwa kwa mchanga na mawe yaliyochimbwa chini ya maji. Hoteli ya Sheraton, ile yenye umbo la piramidi, ilipofunguliwa mwaka 1982 ilisimama karibu peke yake kwenye ncha ya ufuo mpya. Leo minara imeizunguka kama miti mirefu iliyokizunguka kichuguu.

Maana ya habari hii kwa baharia ni nyepesi. Ukichukua ramani ya bahari iliyochorwa kabla ya kazi ile, chumba tulichokaa kunywa chai kimo majini. GPS haijui habari za dafna. Kifaa kinachokipa mahali ulipo kinakupa tarakimu mbili tu, umbali wako kutoka ikweta na umbali wako mashariki au magharibi ya mstari wa Greenwich. Mengine yote unayoyaona kwenye skrini, ufuo, mwamba, kina cha maji, mlango wa bandari, ni ramani, na ramani ilichorwa na mwanadamu kwa tarehe fulani na kwa sababu fulani.

Ramani za Kiingereza za maji yetu zina historia inayofahamika. Ghuba hii ilipimwa na maofisa wa jeshi la majini la Bombay katika miaka ya 1820. Katika miaka hiyo hiyo, baina ya 1822 na 1826, Kapteni W. F. W. Owen alipima pwani ya Afrika Mashariki kwa manowari mbili, Leven na Barracouta. Kina kilipimwa kwa bildi, yaani risasi iliyofungwa kamba na kutupwa majini, na mahali palijulikana kwa kutazama jua na nyota na kwa saa maalumu za baharini. Ilikuwa kazi kubwa, na wengi katika mabaharia wa Owen walikufa kwa homa. Lakini mahali palipopimwa kwa njia ile panaweza kupishana na hesabu ya setilaiti kwa mamia ya mita, na sehemu nyingi za dunia ambazo meli kubwa hazipiti bado zinategemea vipimo vya kale vilivyoingizwa kwenye skrini mpya. Chombo kitaonekana kinapita katikati ya mlango wa mwamba, kumbe mwamba wenyewe uko pembeni kidogo ya ulipochorwa.

Hivyo somo letu la kwanza lilikuwa hili: kabla ya kuuliza ukubwa wa skrini, uliza ramani iliyomo ndani yake ilipimwa lini, na nani, na kwa ajili ya nani.

Kidole cha mbinguni

Mabaharia wa bahari yetu walikuwa na elimu yao kabla ya Owen. Aliyeiandika kwa ukamilifu kuliko wote ni Ahmad bin Majid, mtu wa Julfar, pwani ambayo leo imo Ras al-Khaimah. Kitabu chake kikubwa, Kitab al-Fawa'id, alikimaliza karibu na mwaka 895 Hijria, sawa na 1490 Miladia. Alitunga pia mashairi marefu ya kufundishia, mojawapo likieleza njia ya kwenda Sofala, nalo linapita katika bandari za Uswahilini. Baada yake akaja Sulaiman al-Mahri, mtu wa Shihr, akaendeleza kazi hiyo katika karne ya 16.

Kipimo chao cha mbingu kiliitwa isba', yaani kidole. Duara nzima waliigawa vidole 224, hivyo kidole kimoja ni zaidi kidogo ya digrii moja na nusu, ambayo juu ya bahari ni kama maili 96 za baharini. Kidole kilikuwa na zam nane, na zam moja ilikuwa mwendo wa saa tatu. Msomaji akipiga hesabu ataona uzuri wake: kidole kimoja ni mwendo wa usiku na mchana kwa chombo kinachokwenda maili nne kwa saa. Mbingu, bahari na wakati vilipimwa kwa ratili moja.

Chombo cha kupimia kiliitwa al-kamal, na tusikichanganye na kamari. Ni kibao cha pembe nne, kimetobolewa katikati na kupitishwa uzi wenye mafundo. Baharia huuma uzi penye fundo, akakinyoosha kibao mbele ya jicho mpaka ukingo wa chini ukutane na upeo wa bahari. Ukingo wa juu ukigusa nyota aliyoikusudia, amefika kwenye urefu wa fundo lile. Fundo moja laweza kuwa Maskati, jingine Kalikuti. Mtu asiyejua kusoma aliweza kubeba bandari zake zote mfukoni kwa uzi mmoja.

Nyota iliyopimwa zaidi ni al-Jah, nyota ya kaskazini. Kamusi za kale za Kiswahili zimehifadhi neno jaa kwa maana ya kaskazini, kama zilivyohifadhi suheli kwa kusini, kutokana na nyota ya Suhail, na matlai kwa upepo wa mashariki, kutokana na mahali pa kuchomoza. Wazee waliokuwa wakisema hivi hawakuwa wakizungumza Kiarabu. Walikuwa wakizungumza Kiswahili cha baharini, ambacho kiligawa upeo wa macho kwa nyota kabla ya kuugawa kwa namba.

Lakini nyota ile ilikuwa na udhaifu wake, na Ibn Majid aliujua. Katika zama zake haikukaa kwenye kitovu cha mbingu. Ilikizunguka kwa umbali wa digrii tatu na nusu hivi, na mualimu ilimbidi ajue sasa iko juu au chini ya kitovu ili asahihishe hesabu. Masahihisho hayo waliyaita bashi. Leo umbali huo haufiki digrii moja. Na kwa safari ya kuja kwetu palikuwa na tatizo jingine. Doha iko digrii 25 kaskazini ya ikweta na Maskati kiasi cha 23 na nusu. Lamu imeivuka ikweta kwa digrii mbili na zaidi, Unguja kwa sita, Kilwa kwa karibu tisa. Kila chombo kikishuka kusini Jaa huinama, na pwani ya Uswahilini nyota hiyo haionekani tena. Hapo mualimu aligeukia nyota nyingine, kama al-Farqadan na zile za al-Na'sh, ambazo urefu wake aliuhifadhi kwa moyo.

Nyota hazikuwa peke yake. Ibn Majid anawahimiza mabaharia watazame ishara: ndege wa nchi kavu, nyoka wa baharini, rangi ya maji, tope au mchanga unaonaswa na bildi. Sumaku ilikuwepo, na dira ni neno ambalo sisi na watu wa Ghuba tunalo pamoja mpaka leo. Siku zilihesabiwa tangu Nairuzi, mwaka wa jua unaosherehekewa hadi sasa Makunduchi kwa jina la Mwaka Kogwa, ili ijulikane msimu upi unafunguka na upi unafunga. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyotosha peke yake. Moja ilikuwa shahidi kwa nyingine.

Mwalimu wa Malindi

Katika vikao vyetu hapakosekani mtu wa kusema kwamba Ibn Majid ndiye aliyempeleka Vasco da Gama India. Habari hii imeenea sana, mpaka inaingia katika vitabu vya shule, na kwa kuwa inagusa heshima ya mtu ni haki tuipime.

Yaliyo wazi ni haya. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, na tarehe 20 Mei alikuwa ametia nanga karibu na Kalikuti. Msafiri mmoja wa Kireno aliyeandika habari za safari ile alimdhania rubani huyo kuwa Mkristo. Mwanahistoria João de Barros, aliyeandika baadaye, anasema alikuwa Mwislamu wa Gujarati na kumwita Malemo Cana. Hilo si jina la mtu. Malemo ni mu'allim, neno letu lile lile la mwalimu, ambalo baharini lilikuwa cheo cha mwenye kujua njia; na Cana ni neno la Kihindi la mpiga hesabu za nyota. Aliyemtaja Ibn Majid ni Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka wa karne ya 16, ambaye hakuwepo, na aliyedai kwamba baharia yule alileweshwa ndipo akaonyesha njia. Katika miaka ya 1920 Mfaransa Gabriel Ferrand aliunganisha habari hizo mbili, na dunia ikamfuata. Watafiti wengi wa leo hawakubaliani naye, na katika Ghuba wapo walioandika vitabu kumtetea Ibn Majid na tuhuma hiyo.

Sisi twaona jambo kubwa zaidi ya jina la rubani. Wareno walikuwa na meli madhubuti, mizinga na vyombo vyao vya kupimia jua, lakini kusi na kaskazi hawakuvijua. Walivuka kwa elimu ya kuazima. Na walipotaka kurudi bila mualimu wa kuwafundisha msimu, waliondoka kabla ya wakati, wakachukua karibu miezi mitatu kuvuka bahari waliyoivuka kwa siku zisizofika thelathini. Mabaharia wengi walikufa njiani kwa ugonjwa wa kiseyeye. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Walikusudia nyota ya bahati, lakini hapa maneno yale yanasimama hata kwa maana ya baharini.

Waliosafiri bila kujua

Elimu hii tunayoisifu haikumnufaisha kila aliyekuwa chomboni, na tarikhi isiyosema hivyo ni tarikhi nusu. Hapa Doha, katika mtaa wa Msheireb, iko nyumba ya Bin Jelmood, iliyofunguliwa mwaka 2015 kuwa makumbusho ya utumwa katika Bahari ya Hindi. Tulikwenda pamoja, pamoja na watoto. Watu waliochukuliwa kutoka Afrika Mashariki waliletwa Ghuba kwa majahazi yale yale, kwa kaskazi na kusi ile ile, chini ya Jaa ile ile. Wengi waliishia kupiga mbizi za lulu. Utumwa nchini Qatar ulikomeshwa mwaka 1952, na wapo watu wazima leo ambao babu zao walikuwa hai kabla ya siku hiyo.

Mualimu wa chombo cha watumwa alijua kila usiku mahali alipo. Waliokuwa chini ya sitaha hawakujua. Mmoja wa wanetu aliuliza tulipotoka nje, "Wao walijua wanakwenda wapi?" Tulimwambia hapana. Tangu siku ile, kila tukisema "mabaharia wetu", huwa tunakumbuka kwamba ndani ya neno "wetu" wamo wote wawili, aliyeshika kibao na asiyeruhusiwa kuiona nyota.

Mwisho wa zama za majahazi makubwa umeandikwa na baharia wa Australia, Alan Villiers, aliyepanda boomu la Kuwait liitwalo Bayan huko Aden mwishoni mwa mwaka 1938. Nahodha wake alikuwa Ali bin Nasir al-Najdi. Walishuka na kaskazi mpaka Lamu, Mombasa na Unguja, kisha wakaingia katika delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, wakarejea Kuwait na kusi mwaka 1939. Villiers, ambaye mwenyewe alikuwa nahodha wa meli za matanga, alistaajabu jinsi al-Najdi alivyoijua pwani: milima, rasi na rangi ya maji vilikuwa ndiyo ramani yake, na dira ikamsaidia. Boriti za namna ile ndizo zilizoezeka nyumba za zamani za Doha, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Upana wa sebule za mababu wa mji huu ulipimwa Rufiji.

Nyota za jeshi

Sasa tuje kwenye nyota mpya. GPS ni mali ya serikali ya Marekani na ilianzishwa kwa ajili ya jeshi lake. Setilaiti ya kwanza ilirushwa mwezi wa Februari 1978. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini, safari namba 007, ilipotea njia ikaingia anga ya Urusi ya Kisovieti na kutunguliwa, wakafa watu wote 269. Baada ya msiba huo Rais Reagan alitangaza kwamba mfumo huu, utakapokamilika, raia wa dunia nzima wataruhusiwa kuutumia bure. Ulitangazwa kukamilika mwaka 1995.

Kazi yake ni ya kustaajabisha na si ngumu kuieleza. Setilaiti zisizopungua 24 huizunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi, kila moja ikibeba saa za atomiki na kutangaza wakati wake bila kusita. Kifaa chako hulinganisha wakati wa angalau setilaiti nne, na kwa kuchelewa kwa kila tangazo hujua umbali wake. Ni al-kamal tena, ila fundo la uzi sasa ni wakati. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, kosa majini ni mita 300.

Lakini mwenye nyota hizi hakuwahi kuficha kwamba ni zake. Kwa miaka mingi matangazo ya raia yaliharibiwa kwa makusudi, ili kosa lifike kama mita 100, na jeshi likabaki na usahihi wake. Uharibifu huo ulikomeshwa kwa amri ya Rais Clinton usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000. Kabla ya hapo uliwahi kuondolewa kwa muda wakati wa vita vya Kuwait vya 1990 na 1991, kwa sababu jeshi lilikuwa na upungufu wa vifaa vyake na askari wake jangwani walitumia vifaa vya madukani. Msomaji wa Ghuba aliangalie hili vizuri: bahari na jangwa letu ndipo palipokuwa uwanja wa majaribio wa nyota hizi.

Na ndipo zinapozimwa. Mwezi wa Juni 2025, wakati wa vita baina ya Israel na Iran, mamia ya meli kwa siku ziliripotiwa kuvurugiwa GPS karibu na Mlango wa Hormuz. Uvurugaji una namna mbili. Ya kwanza ni kuziba: mawimbi ya setilaiti yakifika chini huwa dhaifu mno, hivyo mtambo mdogo wa kelele huyazima, na kifaa kinanyamaza. Ya pili ni kuhadaa: mtambo hutoa mawimbi ya uongo, na kifaa kinasema kwa ujasiri kwamba chombo kiko nchi kavu au kwenye kiwanja cha ndege. Ya kwanza humtisha baharia, na hofu humwamsha. Ya pili humwacha alale.

Tulichochagua

Tulirudi kwenye orodha yetu tukiwa na macho mengine. Tumechagua kifaa cha kufungwa karibu na usukani, cha ukubwa wa kadiri, kinachosomeka kwenye jua kali na kustahimili joto la Agosti. Kinapokea, pamoja na GPS, nyota za Urusi, za Ulaya na za China, yaani GLONASS, Galileo na BeiDou. Hilo ni jema, kwani mwenye nyota moja akizima, nyingine zinabaki. Lakini haliponyi ugonjwa wa Hormuz, kwa sababu mifumo yote hii hutumia masafa yanayokaribiana, na kelele moja yaweza kuifunika yote.

Kwa hivyo tumenunua pia kifaa kidogo cha mkononi chenye betri zake mbali na umeme wa chombo, kinachokaa mfukoni. Simu za vijana zimehesabiwa kuwa za tatu, si za kwanza: hupata joto na kujizima, na ramani yake hupotea ikiwa haikupakuliwa kabla ya kutoka bandarini. Tumehakikisha kwamba vifaa na ramani vinatumia msingi mmoja wa hesabu, ule uitwao WGS 84, na kila karatasi ya ramani tumeiandikia pembeni mwaka wa upimaji wake.

Kisha tumenunua vitu ambavyo muuzaji alitutazama kwa mshangao tulipoviuliza. Dira nzuri ya sumaku. Bildi ya kamba, ingawa kipima kina cha umeme kipo. Maji ya Ghuba kwa wastani hayazidi mita 36 hivi, na bahari fupi kama hii bildi inazungumza nayo karibu kila mahali. Ramani za karatasi. Na daftari la ruznama, ambamo kila saa mwenye zamu anaandika mwelekeo, mwendo, kina na anachokiona kwa macho, kabla ya kutazama skrini. Sharti hilo la mwisho aliliweka mzee. Ukitazama skrini kwanza, alisema, macho yataona kile skrini ilichosema.

Hatujifanyi kwamba tumerejea zama za Ibn Majid. Kidole chake kimoja kilikuwa maili 96, na mualimu hodari akigawa kidole sehemu ndogo alibaki na kosa la maili nyingi. Kifaa chetu hukosea kwa mita chache. Mwaka 1980 Tim Severin alitoka Maskati kwenda China kwa jahazi la kushonwa, Sohar, akaijaribu elimu ya kibao na fundo akaona inafanya kazi, na hata hivyo hakuna anayewashauri mabaharia waache setilaiti. Tunachokirudisha ni desturi, si chombo: shahidi mmoja hatoshi, hata akiwa hodari. Na shahidi ambaye mwenyewe ni askari wa mtu mwingine, apokewe kwa heshima na aulizwe mara mbili.

Wapo miongoni mwa wasomaji wetu ambao familia zao ziliondoka Unguja mwaka 1964 na baada yake kwa majahazi na ngalawa, baadhi yao usiku, bila taa. Mtu fulani katika chombo kile alijua njia. Mara nyingi jina lake halikuandikwa, wala haikuandikwa aliifuata nyota gani. Tunaziomba familia hizo ziwaulize wazee walio hai: aliyeshika usukani alikuwa nani, alitazama nini, aliiitaje nyota ile? Zilete majina hayo, na kama yamo ruznama sandukuni zilete nakala yake. Hiyo ndiyo dafina yetu, na ikifukiwa haitachimbuliwa tena.

Ijumaa iliyopita tulitoka jioni hadi minara ya West Bay ikawa nyuma ya tezi, tukazima taa. Mwanga wa mji umezimeza nyota nyingi, lakini Jaa ilikuwepo. Mzee alimpa kijana mdogo kibao tulichomchongea, na uzi wenye fundo moja tu, tulilolifunga kwa urefu wa Doha. Kijana aliuma uzi, akafumba jicho moja, akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Imegusa." Mwenye zamu akaandika saa katika ruznama, ndipo akatazama skrini.